Radhi Uliyoniombea

Leicester, Uingereza
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu Shabani,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana shikamoo yako nimeisubiri wiki tatu na naona imepotea njiani. Hujambo? Wifi yangu Rehema hajambo? Salma na wadogo zake wanaendeleaje na shule? Na huo mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kubeba vioo, umepata nafuu au bado unajifanya kijana? Mie huku mwili mzima, namshukuru Mungu. Baridi imeanza, mikono imepasuka kwa dawa za kufulia, lakini kazini naenda. Moyo ndio sina raha nao, na sababu unaijua.

Utashangaa kupata karatasi siku hizi. Nimempa Mama Nassoro, jirani yangu ninayesali naye, anakuja kuwaona wakwe zake hapo Tangini. Nimemwambia akufikishie mkononi, karakanani kwako Mkuza, asimpe mtu mwingine. Simu nimepiga sana. Nikipiga inaita mpaka inakata, nikiandika naona umesoma na umenyamaza. Karatasi haionyeshi kama umesoma, kwa hiyo utasoma kwa raha zako. Ukitaka ipige picha uitupe kwenye grupu, wenzako ndiyo mazoea yao. Ila isome kwanza mpaka mwisho.

Nianze mwanzo, kwa sababu nahisi habari uliyonayo umepewa na wanaume peke yao.

Unakumbuka nilipokuja likizo mwaka jana nikakaa siku nne kwa Shangazi Tatu kule Maneromango, ukanilaumu kwamba nimewakimbia watu wa Mkuza. Sikwenda kupumzika. Kuna binti mmoja huku, wazazi wake watu wa Kisarawe, kazaliwa hukuhuku, alikuwa anaolewa na mama yake alishafariki. Alinifuata akaniambia anaingia kwenye ndoa bila somo, hana wa kumweka ndani, hana wa kumwambia neno. Aliniambia huku anacheka, lakini nilimwona macho. Nikamfikiria Shangazi. Wewe mwanaume hujui Shangazi ni nani kwenye mambo hayo, ila sisi tunajua. Wamekuja watu mpaka kutoka Dutumi kumchukua awachezee binti zao unyago.

Basi nikampelekea ile simu kubwa, nikakaa naye uani nikamfundisha kubonyeza kile kipaza sauti na kuachia. Usicheke, ilikuwa kazi. Mara ya kwanza alifundisha nusu saa nzima, kwa madaha na nyimbo zake, kumbe hajabonyeza kitu. Aliposhika njia, akaniambia jambo moja ambalo sasa linanikosesha raha. Alisema maneno ya ngoma hayaanzi hivihivi, lazima kungwi ajitaje, amtaje na aliyemfunza yeye. Nikamwambia Shangazi, hii ni simu, majina tuyaache. Akakataa. Akasema maneno yasiyo na mwenyewe ni umbea, hawezi kumpa mtoto wa watu umbea akaingie nao kwenye ndoa. Basi kila somo alilotuma linaanza hivyo: mie Tatu binti Mohamedi wa Maneromango, nimefunzwa na Bi Mwanaidi binti Kondo, Mungu amrehemu. Nilikuwa mimi ndiye mjuzi wa simu pale, Shabani. Nilipaswa kusimama kidete. Nikaona ni jambo zuri, nikamwacha.

Habari za yule binti zikasikika, wakaja wengine. Tukawa wanawake tisa, wa huku, wa Uswidi, wa Omani, na mmoja Kanada. Grupu letu tukaliita Mapishi, ili mwanaume akilikuta kwenye simu ya mkewe asilifungue. Na kweli kwa mwaka mzima hawakulifungua. Mwanamke apike, lakini nani ana hamu ya kujua anapikaje?

Shangazi alitufundisha mengi. Usafi, kukaa na wakwe, mambo ya chumbani ndiyo, kwani kungwi afundishe nini, jiografia? Lakini alisema pia kwamba mwili wa mwanamke una mwenyewe, na mwenyewe ni yeye. Alisema ukichoka sema umechoka, na mkono ukikupata mara moja usingoje mara ya pili, rudi kwenu. Hayo mimi hakuna aliyeniambia nilipoolewa. Ningeambiwa, unajua ni miaka mingapi ningeiokoa. Nilikuwa nasikiliza kwenye basi naenda kazini, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, machozi yananitoka.

Sasa, mume wa mmoja wetu alichukua simu ya mkewe wakati mwanamke yupo bafuni. Jina lake sikuandikii. Si kwamba namficha yeye, namficha mkewe, ambaye ametuomba msamaha mpaka sauti imemkauka. Bwana huyo alikata kipande cha Shangazi anazungumza mambo ya chumbani, akaubakiza mwanzo wenye majina, akatupa yote ya mwili na ya mkono, akaweka muziki wa singeli chini yake, akakirusha kwenye grupu la Wana Kisarawe na Kibaha Ughaibuni. Kile kikundi chetu kikubwa. Kile ambacho maadmini wote ni wanaume, na matangazo ya msiba yote nayaandika mimi.

Kazini simu tunaziacha kwenye makabati, maana mvuke wa kufulia mashuka ya hospitali unaziharibu. Nilifungua kabati saa ya chakula nikakuta ujumbe umejaa. Nikabonyeza. Nikasikia sauti ya Shangazi yangu inajitaja jina na ngoma inadunda. Kwa kweli kwanza nilidhani simu imechanganya vitu viwili. Kisha nikaona vicheko vinapangana chini, na stika, kuna mtu alishatengeneza stika ya bibi kizee kafunga kanga. Ngozi, Mnaijeria tunayekunja naye mashuka, aliniuliza nani amekufa.

Nikamweleza. Unajua alifanyaje? Hakushangaa hata kidogo. Alisema kwenye grupu la watu wa mji wao mwanamke akiandika neno zito, swali la kwanza ni mumewe yuko wapi. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa anakula pembeni naye akasema kwao walichukua picha yake aliyopiga kwenye harusi ya binamu yake, wakaizungusha nchi tatu kwa sababu ya gauni. Tukakaa pale watatu, na viporo vyetu vya wali, kila mmoja na lake. Nilidhani ni Kisarawe peke yake. Sikupata faraja yoyote kujua tuko wengi.

Niliandika maneno machache, na ninayaandika hapa kwa sababu naambiwa huko nyumbani inasemwa nilitukana: "Sauti hii imeibwa kwenye simu ya mwanamke. Mnayemcheka ni mzee wenu na ametaja jina lake. Naomba aliyeituma aifute sasa hivi, na kila aliyeipeleka kwingine aifute." Basi. Nionyeshe tusi hapo.

Mwenyekiti akajibu kwamba dada nipunguze jazba, huu ni utani wa kwetu. Shabani, sisi ni Wazaramo, utani tunaujua. Mtani anakutania mbele ya macho yako, msibani, huku mikono yake imeshika jembe la kukuchimbia kaburi. Haingii bafuni kwa mtu kuiba. Nikamwandikia hivyohivyo. Hapo ndipo nikawa mwanaharakati. Nikawa wa haki sawa. Mmoja akaandika kwamba ndiyo maana ndoa ilinishinda. Hilo liliwekewa vicheko na watu ambao nimewapikia futari.

Lakini haya yote ningeyabeba. Kilichoniumiza kilikuja baadaye. Hakuna aliyejibu hoja yangu. Mwenyekiti aliuliza, sio mimi, aliuliza wenzake, huyu dada mwenyewe wake ni nani? Kama mbuzi aliyeingia shambani kwa watu. Mwingine akajibu, ana mdogo wake, Shabani wa madirisha, yupo Mkuza, yumo humuhumu. Wakakutaja. Na nikafurahi, Shabani! Nikasema haya, wamejichimbia wenyewe, sasa mtoto aliyelelewa na Shangazi anaingia. Nilisimama pale kwenye makabati na chakula kimepoa, natazama neno "anaandika" chini ya jina lako.

Ukaandika: "Wakubwa zangu, nawaomba radhi kwa niaba ya dada. Ni uchovu wa kazi za huko. Nimeshaongea naye, hatarudia."

Umeongea na nani? Siku hiyo hukunipigia, wala jana yake. Umeniombea radhi kwa kosa ambalo hukuniuliza, kwa watu walionitukana, na ukanisemea ahadi kwamba sitarudia. Mimi. Mimi niliyekufundisha kufunga kamba za viatu. Mwenyekiti akakushukuru, akasema hekima kama hiyo ndiyo inayotakiwa kwenye familia, kisha akanitoa kwenye grupu. Aliyeiba sauti yumo mpaka leo. Aliyetengeneza stika yumo. Wewe umo.

Na wanawake nao nisiwaache, maana nimewakasirikia pia. Jioni ile simu yangu ilijaa ujumbe wa chemba. Dada umesema kweli, dada Mungu akulipe, dada tupo pamoja nawe. Hakuna hata mmoja aliyeandika pale hadharani. Nilimuuliza mmoja kwa nini, akasema mume wake yumo mle. Nikamwacha, kwa sababu mimi mwenyewe sina mume na bado wamenitafutia mwenyewe.

Siku ya tatu mwenyekiti alinipigia. Eti dada, yaliyopita si ndwele, anaomba ile orodha ya nani anapika nini kwenye sherehe ya Idi, kwa sababu ninayo mimi. Kwenye kusema nimetolewa, kwenye pilau bado ni mwanachama. Nikamwambia amuulize mwenyewe wangu, yupo Mkuza anauza madirisha. Akipiga kwako kuuliza habari za sufuria, usishangae.

Najua utaniambia nini. Tena ulishasema, kwenye ile voisi moja uliyonitumia, ya sekunde kumi na tano, uliyoongea kama unaogopa ukuta. Ulisema dada nielewe, hawa ndio wanaojenga huku, nyumba zao zote za Mkuza na Tangini madirisha wananipa mimi. Nimekuelewa. Sikatai kwamba una watoto wanakula kwa madirisha hayo. Ungeniambia hilo kabla, ungesema dada mimi sitaweza kusema kitu, kazi yangu iko mikononi mwao, ningekasirika nikalala nikaamka. Ungenyamaza. Kunyamaza kungenitosha, fikiria nimefika kiwango gani. Lakini hukunyamaza. Ulipata neno la kusema, ukawapa wao.

Sasa nikueleze yaliyotokea Maneromango, maana sidhani kama umekwenda. Kile kipande hakikukaa ughaibuni. Kilirudi nyumbani kabla hata mimi sijatoka kazini. Kwa kuwa Shangazi kajitaja jina na kijiji, hakuna aliyeuliza ni nani. Vijana wa bodaboda kituoni wanakiwasha akipita kwenda sokoni. Mzee wa miaka sabini na kitu, Shabani, anapita na kikapu chake na anasikia sauti yake mwenyewe inachezwa na watoto aliowapokea walipozaliwa. Amezima ile simu, ameifungia kwenye kanga, kaiweka chini ya sanduku. Siku hizi ananipigia Ijumaa kwa simu ya jirani.

Na hilo la bodaboda ndilo dogo. Makungwi wenzake wamekaa wakamwambia apumzike. Wanasema amefungua mambo ya ndani mbele ya wanaume, amelitangaza na jina la marehemu Bi Mwanaidi. Kuna mtoto wa kuchezwa mwezi huu, wamemwita mtu mwingine. Mwezi ukiandama watakaa tena, na hapo wataamua kama atarudi au ndiyo basi. Nimezungumza na mkubwa wao kwa simu, nikamwambia kosa ni langu, simu ni yangu, sauti imeibwa, haikuuzwa. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akaniambia mwanangu, wewe uko mbali, na kwenye grupu hilohilo mdogo wako ameshaomba radhi. Mtu haombi radhi kama hana kosa.

Unaona sasa? Radhi yako wameisoma kule Maneromango. Umedhani umewapoza wanaume wanne wa Uingereza, kumbe umetoa ushahidi dhidi ya Shangazi. Nikisema imeibwa, wanasema mbona ndugu yako amekiri.

Wakati mama alipotutoka wewe ulikuwa na miaka mitatu. Huwezi kukumbuka, kwa hiyo nakukumbushia mimi. Uliugua surua, hakuna gari, mvua imekata barabara, na Shangazi alikufunga mgongoni akatembea mpaka Mzenga ndipo akapata msaada. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba kandambili zake, maana kwenye tope alivua. Hakumuuliza mtu huyu mtoto mwenyewe wake ni nani.

Ninachokutaka ni mambo mawili. La kwanza, uandike kwenye grupu lilelile, kwa jina lako, kwamba hukuongea na mimi, kwamba ile radhi umeifuta, na kwamba yule wanayemcheka ndiye aliyekulea. Usiniweke mimi hapo, useme wewe mwenyewe ni nani kwake. La pili, upande gari Mlandizi uende Maneromango kabla mwezi haujaandama, uonane na yule mkubwa wa makungwi, umwambie ulichofanya. Usiingie kwenye mambo yao, hayakuhusu. Mwambie tu ile radhi haikuwa na kosa nyuma yake.

Na nikwambie ukweli, inaniudhi kukuomba. Inaniudhi mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nimeyasema yote haya kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa Kiswahili kilichonyooka, na hayakushika. Utayasema wewe, kwa nusu ya maneno, na yatashika. Ningekuwa na njia nyingine nisingekupa kazi hii, kwa sababu kila ukinisaidia hivi wanazidi kuamini kwamba nina mwenyewe. Lakini mwezi haunisubiri mimi nishinde ubishi na wanaume. Shangazi kwanza.

Ukihofia madirisha, hofia. Sikudanganyi kwamba hakuna atakayekukimbia. Pengine wawili watatu watakukimbia.

Salma aliniandikia juzi, usimgombeze. Aliniuliza shangazi, kwani wewe ulikosea nini? Huwa anashika simu yako kutafuta masomo, ameyaona yote. Mwaka huu au mwaka ujao naye atawekwa ndani, na nilikuwa nimeshapanga kichwani ni nani atamfunza. Sikumjibu. Nimeona mwenye jibu ni baba yake.

Ijumaa iliyopita Shangazi alinipigia. Hakulia, unamjua. Aliuliza hali yangu, akauliza kama baridi imeanza, akasema muhogo umetoka vizuri. Halafu akaniuliza kama kuna mtu wa kwetu yeyote aliyesema kitu kwenye lile baraza la simu. Nikamwambia mimi nilisema. Akaniombea dua. Kisha akauliza, "Na Shabani je, kasemaje?"

Nilimdanganya. Sijawahi kumdanganya Shangazi tangu nizaliwe, hata habari ya ndoa yangu sikumdanganya. Nilimwambia mtandao wa Mkuza ni mbaya, hujayapata.

Akasema, "Basi akiyapata atasema."

Kwake makungwi hawajapeleka habari ya radhi yako. Wanamwonea huruma. Ijumaa hii atapiga tena, na sina mtandao mwingine mbaya wa kumwambia.

Nisalimie wifi yangu Rehema, mwambie vitenge nimempa Mama Nassoro, achague yeye kwanza. Msalimie Salma, binti yangu, na wadogo zake wote wawili. Msalimie Mzee Kibwana wa duka la jirani anayenitunzia kile kiwanja, na mama mkwe wako, mwambie dawa ya miguu nimeipata. Msalimie fundi wako Hamadi, na mkewe aliyejifungua.

Shangazi Tatu usimpe salamu zangu. Kwake nenda na zako.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Zuhura,
ambaye hajaomba radhi.